Tulimuua Mjomba Ili Tukaone Bustani

Kirumba, Jumapili jioni

Minza mwanangu,

Mambo ya kufua, kula kwa wakati na kutomwachia mkoba mtu usiyemjua sitayaandika. Hayo shangazi yako amekuhubiria wiki nzima mpaka na mimi nimeyakariri. Unajua kupika, unajua kukataa, na sabuni iko kila duka. Mimi nina jambo moja tu, na ni refu. Lisome kesho ukiwa ndani ya basi, ukishapita Kisesa, usinisomee hapa mbele ya macho yangu. Nimekaa kibarazani tangu saa tisa nikiliandika, na mkono wa dereva haujazoea kalamu, kwa hiyo utanivumilia.

Jumatano iliyopita, wazee walipotoka kwenye kile kikao chao, ulikuwa uani unaosha vikombe walivyonywea chai. Nilipita nyuma yako. Hukugeuka kunitazama. Ulisema tu:

"Baba, safari hii tunamuua nani?"

Nikajifanya sijasikia. Nikaichukua redio nikaanza kuhangaika na betri, wakati betri zilikuwa mpya. Nilikuwa nimesikia, Minza. Kwa miaka kumi nilijidanganya kwamba ulikuwa mdogo na umesahau. Kumbe ulikuwa umeliweka.

Basi leo nakujibu. Lakini kwanza nilieleze jambo lenyewe lote, maana wewe ulikuwa na miaka tisa na uliliona kwa upande wako tu.

Wakati ule nilikuwa dereva wa shirika la umma ambalo sasa limeshakufa, na sitamtukana marehemu. Nilikuwa nimeendesha barabara ya Musoma miaka kumi na mmoja. Niliwapeleka wakubwa, niliwapeleka wageni wa wakubwa, niliwasimamisha pale Lamadi wapige picha za nyumbu, niliwapeleka kwenye makumbusho ya Bujora, na nje kidogo ya Musoma niliwapeleka kwenye bustani moja ya misheni, kando ya ziwa. Mimi nilibaki kwenye gari. Dereva hubaki kwenye gari, ndiyo kazi. Wao walirudi wamechangamka, viatu vina vumbi, wanaongea wote kwa pamoja, nami nawasha injini. Siku moja nikajiuliza: hivi mimi nina kasoro gani? Mke wangu ana kasoro gani? Mtoto wangu je?

Nikaamua tutakwenda. Siku tatu, sisi watatu, hatuendi kwa mtu, tunakwenda kutazama tu.

Sasa ulize watu wa hapa kwetu kama kuna safari ya namna hiyo. Safari kwetu ina jina la mtu mwisho wake. Unakwenda kwa mjomba, unakwenda kwa mgonjwa, unakwenda kwenye harusi ya fulani. Ukisema unakwenda kutazama mlima watakushika kichwa waone kama una homa. Na gari la kazini lilitolewa kwa sababu moja tu ambayo hakuna bosi aliyethubutu kuikataa, nayo ni msiba. Nikaingia ofisini, nikavua kofia, nikasema mjomba wa mke wangu kule Majita amefariki.

Nilimchagua mjomba Magesa kwa akili yangu timamu. Alikuwa mbali, alikuwa mzee, na hakukuwa na simu kijijini kwao. Bosi akanipa pole, akanipa gari, akaniongezea na mafuta. Mama yako nilimwambia tukiwa tumeshavuka daraja la Simiyu.  Tulipofika Magu akasema angalau ningemuua mjomba wa upande wangu.

Safari yenyewe unaikumbuka, najua. Unakumbuka Lamadi, tuliposimama kando ya barabara kuwatazama wale nyumbu, na mzee mmoja akashuka kwenye baiskeli kutusaidia kusukuma gari. Tulipomwambia gari ni zima, tunatazama wanyama, alituzunguka mara mbili akitafuta gurudumu lenye pancha. Hakuamini. Mpaka tunaondoka alikuwa bado amesimama pale akitutazama sisi badala ya nyumbu.

Unakumbuka na ile bustani. Sista mmoja mfupi, Mkerewe, mwenye mabuti ya mpira, alitufungulia geti akatuuliza tumetoka parokia gani. Kila mti ulikuwa na kibati chenye jina lake, nawe ukatangulia mbele ukiyasoma kwa sauti kama uko darasani, na yale ya Kilatini ukiyatafuna bila aibu. Kulikuwa na njia ya miguu iliyopangwa mawe, ikishuka katikati ya majabali mpaka majini, na pimbi wamejianika juu ya mwamba. Wewe ulikaa kimya ukiwatazama mpaka nikadhani umesinzia. Sijawahi kukuona umetulia vile tena.

Mama yako alivua viatu akasimama ukingoni. Alizaliwa kwenye ziwa hilihili, amelelewa nalo. Akatazama mikono yake, akaniambia: "Nimekuja ziwani maisha yangu yote, na kila siku nilikuja na ndoo, au nguo za kufua, au samaki wa kuparua. Leo sina kitu. Hata sijui mikono niiweke wapi."

Mimi nikacheka. Ningejua, nisingecheka. Lakini alikuwa na furaha, Minza, na mimi pia, na hiyo siku hakuna mtu atakayeninyang'anya.

Tuliporudi hapa Kirumba siku ya tatu, saa kumi jioni, tulikuta turubai.

Wenzangu wa kazini walikuwa wamepita kutoa pole na kuwaambia majirani. Majirani wakafanya kama watu wafanyavyo. Mabenchi yametoka kanisani, kuni zimepangwa, sufuria kubwa iko motoni, kwaya nzima imekaa mkekani, na Mama Suzana, kiongozi wao, anaimba sauti ya juu. Shangazi yako amejifunga khanga kiunoni, anagawa kazi. Wote wanamlilia mtu ambaye saa ile pengine alikuwa anakula ugali kwake Majita.

Na wewe ukaruka kutoka kwenye gari umeshika majani uliyookota kwenye ile bustani, unacheka, unakimbilia watu kuwaambia ulichokiona. Hatua tano zaidi ungekuwa umesema. Nikakuwahi. Nikakushika mkono, hapa juu chini ya bega, nikakufinya kwa kucha mpaka ukapiga yowe. Akina mama wakasema maskini mtoto, alimpenda sana babu yake. Wakakuchukua wakakupakata. Ulilia kweli, kwa muda mrefu, na majani yale sijui yalipotelea wapi.

Nimefanya makosa mengi. Nimeshagonga ng'ombe wa watu, nimelewa siku ya kipaimara chako. Lakini lile la mkono wako ndilo ninaloliona nikifumba macho. Nilikufundisha kwamba ukiona kitu kizuri ukarudi nacho nyumbani, ulie. Nisamehe. Nimechelewa miaka kumi kulisema neno hili na sina sababu yoyote ya kujitetea.

Ya mjomba kufufuka unayajua, maana mji mzima unayajua. Miezi michache baadaye alishuka hapa na kikapu cha dagaa, akamuuliza njia mtu wa kwanza aliyekutana naye, na Mungu akapanga mtu huyo awe Mama Suzana. Mama Suzana akamuuliza jina. Akamwambia. Mama Suzana hakupiga kelele wala hakukimbia. Alimshika mkono akampandisha mlima huu wa mawe mpaka mlangoni kwangu, akabisha hodi kwa adabu, akasema:

"Baba Minza, nimekuletea marehemu wako."

Mjomba mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini. Aliuliza walipika nini kwenye matanga yake. Lakini majirani hawakucheka, na walikuwa na haki. Walikuwa wameacha biashara zao, wameimba, wametoa machozi ya kweli. Ikabidi niseme tulikokuwa, nikabandikwa jina: aliyeua mjomba akaone maua. Hata makondakta wa pale sokoni Mwaloni walilijua.

Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo nilipopotea kabisa. Mtu mwenye akili angesema, kosa langu ni uongo. Mimi nilisema kosa langu ni kutembea. Niliona aibu, na aibu ikanishauri vibaya. Nikaapa kwamba mimi na nyumba yangu hatutakwenda tena mahali ambapo hatuna ndugu. Uliporudi na karatasi ya shule ya kwenda kisiwani Saanane kutazama wanyama, unakumbuka nilivyokujibu? Nilisema kule hatuna ndugu. Darasa zima lilikwenda. Wewe ulibaki hapa unachambua mchele. Na kisiwa kinaonekana kutoka mjini, hata bila kupanda juu ya jabali.

Mama yako aliniomba mara mbili. Mara ya kwanza akiwa mzima, mara ya pili alipoanza kuugua. Alitaka kuiona tena ile njia ya mawe. Gari la kazini lilikuwa halipo, shirika limefungwa na sisi tumepunguzwa kama matawi, lakini mabasi ya watu binafsi yalikuwa yameshajaa barabarani, asubuhi na mchana. Kilichonizuia si usafiri. Nilimwambia watu watasemaje, mgonjwa anapelekwa kutazama maua. Alinitazama kwa huruma, na afadhali angenitukana.

Akaniambia: "Kumuua mjomba ulikosea. Kutembea hukukosea. Wewe umechanganya makosa."

Hakuiona tena. Alipofariki, siku ya kwanza tulikaa karibu peke yetu. Wewe ulikuwa umejifungia chumbani na hukuona, lakini mimi nilikuwa hapa nje, nikiyatazama mabenchi yaliyo wazi. Nikadhani ni mambo ya siku hizi, kila mtu yuko mbioni, kila mtu ana biashara. Baadaye mzee wa kanisa akaniambia bila kunificha. Watu walikaa kwao wakisubiri waone jeneza. Walisema isije ikawa tumekwenda kutazama bustani. Siku ya pili walikuja wote, na waliona haya, na mimi niliona haya zaidi. Mama yako, ambaye hakuwahi kumdanganya mtu hata kipimo cha mchele, alilala siku nzima bila wimbo kwa sababu ya mdomo wangu.

Nimekuandikia hilo ili ujue uzito wa kilichopitishwa Jumatano.

Umepata kazi. Umeipata mwenyewe, kwa kusoma kwako na kwa kuwajibu wale watu wa usaili bila kutetemeka. Kampuni ya kutembeza wageni inakuchukua, utaishi upande wa Bunda, utakwenda na gari kutoka ziwani hadi porini, utawapitisha watu kwenye njia za miguu, utawaambia huu ni mti gani na yule ni ndege gani. Na wageni sasa hawaji wazungu peke yao, kuna watu wa Dar, kuna hata wa hapa mjini wenye vitambi vipya. Mimi nilipopata habari nilitoka nje nikajifanya natazama tairi la lori ninaloendesha sasa, maana machozi yalikuwa yananitoka.

Shangazi yako akaitisha kikao. Alisema binti anayezurura na wageni kwenye magari ana jina lake, na jina hilo halitaandikwa kwenye ukoo wetu. Mjadala ukawa mrefu. Mwisho wakapata dawa: tuseme umekwenda chuo cha uuguzi. Mtaa utafurahi, kanisa litaombea, mchumba akitokea hataogopa. Wakanigeukia mimi baba mwenye mtoto. Nikatikisa kichwa kwamba sawa.

Nilikubali, Minza. Mbele ya kikombe cha chai, bila hata kubanwa sana. Ndipo nikapita uani, nawe ukaniuliza lile swali.

Jibu langu ni hili: hatumuui mtu.

Wanasema siku hizi kila kitu ruksa. Ruksa kuuza minofu ya sangara Ulaya na sisi tukabaki na mapanki, mifupa na vichwa. Ruksa kuuza nguo zilizovaliwa na watu tusiowajua. Ruksa hata mimi, niliyekuwa na sare na kofia, kuendesha lori la barafu la tajiri anayeniita kwa kidole. Lakini binti wa Kisukuma kwenda kutazama nchi yake mwenyewe, hiyo ndiyo haijapata ruksa, hiyo ndiyo inahitaji kufunikwa kwa joho la unesi. Nasema hapana. Nimeshafunika vya kutosha katika maisha haya. Kama kuna mtu anaona haya, aone peke yake.

Ndiyo maana leo asubuhi, ulipokwenda misa ya kwanza ili uwahi kufunga mizigo, mimi nilisubiri ya pili. Nilijua wewe ukiwepo nitalegea. Kabla ya baraka katekista akauliza kama kuna mwenye tangazo. Nikasimama.  Nilisema hivi, na nakuandikia neno kwa neno kwa sababu utasikia matoleo mengine:

"Binti yangu Minza anaondoka kesho. Haendi chuo cha uuguzi. Anakwenda kutembea, na kutembeza watu, ndiyo kazi yake. Mimi baba yake nimemruhusu. Na mjomba Magesa nilimuua kwa uongo, mke wangu hakunituma, na mtoto nilimliza kwa kumfinya. Nawaombeni radhi kwa machozi yenu. Kwa safari siombi radhi."

 Nyuma kuna aliyecheka, sijui nani, shauri yake. Mama Suzana, mzee sasa, alinitazama juu ya miwani kwa muda, halafu akafungua kitabu chake cha nyimbo kana kwamba nimetangaza ratiba ya usafi. Watu walipotoka alinipita, akaniuliza kama ile bustani inaruhusu watu wasioweza ngazi. Nimemwambia nitakuuliza wewe. Utanijibu.

Shangazi yako hakusubiri baraka. Nilimkuta nje, akaniambia nimemvua nguo mbele za watu, na kwamba kesho hatakanyaga stendi ya Buzuruga kukusindikiza. Nilimjibu kwamba basi nitakubebea mizigo peke yangu. Ni dada yangu, alinilea mama yetu alipokufa, alinibeba mgongoni akiwa na miaka minane. Inaniuma, nisikufiche. Usimchukie. Anaogopa midomo ya watu kama nilivyoiogopa mimi, na hakuna aliyemwonyesha kwamba midomo hiyo haiui. Ukiwa kwenye kazi yako mwandikie, mweleze unachokiona, hata asipojibu. Ila ukimwandikia usijifanye nesi.

Mashauri mengine sina mengi. Utakutana na watu watakaokuuliza unawapeleka hawa kwa nani. Jibu polepole, usiwacheke, wengi wao wanauliza kwa wema na watakuletea maji. Utakutana na madereva waliobaki kwenye gari wakati wageni wanashuka. Waite. Waambie washuke. Wengine watakataa kwa sababu wamezoea, waite tena siku inayofuata. Na ukipata jambo la kukufurahisha, rudi nalo hapa ukilisema kwa sauti tangu kule chini kwenye njia, majirani wote wasikie. Nyumba hii haitakuzuia tena.

Ukisikia kwamba wamenitenga kidogo, usikatishe safari. Nimeshaishi na jina baya miaka kumi, naweza kuishi na lingine, na hili angalau ni la kweli.

Kesho nikishakupandisha basi sirudi nyumbani. Naingia moja kwa moja kwa tajiri kuomba siku tatu za likizo, mwezi ujao ukiwa umeshazoea kazi, nije unitembeze kama mgeni yeyote, nikae kiti cha nyuma, nishuke kila mahali gari linaposimama. Tajiri ataweka kalamu chini na kuniuliza, kama wanavyouliza wote, nani amekufa. Nitamwambia hakuna aliyekufa.

Baba yako,
Lubango